Vikombe vya Wageni

Sebuleni kwa mama kuna kabati la vioo, na ndani yake kuna vikombe sita vyenye mstari wa dhahabu ukingoni. Nimekulia katika nyumba ile na sijawahi kunywa chai kwa hata kimoja. Sisi wenye nyumba tulikuwa na vya plastiki, na viwili vya bati vilivyobanduka rangi. Vile vya kabatini vilikuwa vya wageni: pasta, mwalimu mkuu, na shangazi wa kutoka Marekani ambaye hadi leo hajafika.

Nimekuwa nikivifikiria vikombe hivyo tangu Agosti 2024, wiki ile tuliyokaa kwenye simu tukicheka sanamu za Eldoret.

Kwa waliosahau: Eldoret ilikuwa inakaribia kupandishwa hadhi kuwa jiji la tano, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Rais alitarajiwa tarehe 15 kuja kukabidhi hati. Siku chache kabla, sanamu za kuwaenzi wanariadha zikasimamishwa mjini. Picha zikaingia mtandaoni na bana, tulicheka. Kabla sherehe yenyewe haijafika, sanamu zilikuwa zimeshang'olewa. Ziliwekwa haraka, zikatolewa haraka zaidi.

Mimi sijitoi. Nilituma picha zile kwenye vikundi vitatu vya WhatsApp. Kila mtu alijibu kwa vicheko isipokuwa rafiki yangu mmoja mchoraji, ambaye aliandika tu: "Na aliyezitengeneza alipewa siku ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipotafuta magazetini nikakuta utani wetu umenukuliwa neno kwa neno, lakini swali lake halikuwa limemshughulisha mtu. Makala hii ni jaribio la kulishughulikia.

Kwanza nifanye kazi ya mhakiki. Sanamu zile hazikuwa nzuri, na sioni faida ya kudanganya kwa sababu ya huruma. Ila tuelewe pia kazi yenyewe ilikuwa ngumu kiasi gani. Mkimbiaji wa masafa marefu ni mgumu kuchonga kuliko rais. Rais unamkalisha kitini, unamvika joho, na nusu ya mwili inafichwa na kitambaa. Mkimbiaji hana pa kujificha. Amevaa fulana na kaptura. Uzito wake wote uko kwenye vidole vya mguu mmoja, kifua kimetangulia, mabega yamelegea ilhali mapaja yamekaza. Na mtu wa Eldoret anaujua mwili huo kuliko mtu yeyote duniani, kwa sababu huuona ukipita barabarani alfajiri, mwingi mwingi, kabla hajanywa chai. Ukimsimamishia mkimbiaji asiyekimbia, atajua kabla hujamaliza kufunua kitambaa. Kicheko kile basi hakikuwa ujinga wa mtandaoni. Kilikuwa uhakiki wa watu wanaojua wanachokitazama.

Na tusiambizane eti Wakenya hawawezi. Ni kweli Jomo Kenyatta aliyeketi pale KICC tangu 1973 ni kazi ya Mwingereza, James Butler. Lakini tembea dakika chache tu hadi Barabara ya Kimathi umtazame Dedan Kimathi wa Kevin Oduor, aliyezinduliwa Februari 2007. Bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine, na sura ya mtu ambaye hakualikwa mjini lakini amekuja. Kila nikipita pale naona watu wakimpita bila kumtazama, na bado anaonekana kama anayetutazama sisi. Halafu nenda Moi Avenue, karibu na mahali Tom Mboya alipopigwa risasi Julai 1969. Sanamu yake, kazi ya Oshoto Ondula, iko pale tangu 2011, na heroe wake wamemzunguka. Unaweza kubishana na wale heroe. Mimi nawaona wamezidi kidogo. Lakini simama pale Jumamosi mchana uone: wapiga picha wa mtaani wanawinda wateja, wapenzi wanasubiriana, mtu anamwambia mwenzake kwa simu, "Niko hapa kwa Mboya." Jiji limemchukua likamfanya wake. Sanamu ya umma haiwezi kupata sifa kubwa kuliko hiyo.

Kwa hivyo mikono ipo, imekuwepo. Lakini wa kuiagiza amebadilika. Kimathi na Mboya waliagizwa na serikali ya kitaifa, kabla ya ugatuzi kuanza mwaka 2013. Katiba, katika Jedwali la Nne, iliweka shughuli za utamaduni mikononi mwa kaunti. Kwa maneno mengine, badala ya mlango mmoja wa kubisha, msanii alifunguliwa milango 47. Mwaka ule nilikuwa bado shule, na nakumbuka mwalimu wetu wa sanaa akisema sasa hata kijana wa mashambani atapata kazi ya kuchora nyumbani kwao. Alisema akiamini.

Tatizo ni kwamba wenye hiyo milango huifungua tu mgeni akija.

Tazama historia yetu. Zile pembe za ndovu za Mombasa ambazo kila mtalii hupiga picha chini yake zilianza katika miaka ya 1950, kwa ajili ya kuwapokea wageni wa kifalme kutoka Uingereza. Nairobi, Julai 2015, nyasi zilipandwa kandokando ya barabara siku chache kabla ya Barack Obama kutua. Nyasi hazikuwahi kuota kwa wakati, nasi tukazibandika jina la gavana wa wakati huo. Eldoret nayo, Agosti 2024, sanamu kwa ajili ya siku ya hati. Ni miaka sabini na tabia ni ile ile: mgeni anakuja, toa vikombe. Na kikombe cha mgeni kina sheria zake. Lazima kiwe tayari siku fulani, kisimuudhi mtu, na kionekane cha bei. Kwamba wenye nyumba watakitazama kila siku kwa miaka ishirini ijayo halikuwahi kuwa swali.

Msanii anayeitwa katika hali hiyo hapewi muda wa kutengeneza kielelezo kidogo cha udongo, kukionyesha, kuambiwa shingo imekuwa fupi, na kurudi kazini. Anaulizwa kama itakuwa tayari kufikia Alhamisi.

Niseme ninayajuaje haya.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, nilikuwa nikiishi kwa kuandikia watu: wasifu wa kuombea kazi, maelezo ya bidhaa, risala za harusi. Rafiki yangu yule mchoraji alikuwa akichora mabango ya saluni na bucha. Siku moja tukaona tangazo la kaunti moja, ambayo sitaitaja. Walitaka wasanii wa hapa hapa wachore kuta tatu karibu na steji ya magari. Tangazo lilisema "vijana wahimizwe kutuma maombi". Tukahimizika.

Yeye alichora michoro ya mfano, mimi nikaandika maelezo. Wazo lake lilikuwa zuri hadi leo: mama wa mahindi ya kuchoma, lakini moshi wa jiko lake unapanda na kuenea kuta zote tatu, na ndani ya moshi unaona steji yenyewe, makanga, watoto wa shule, mzee wa kurekebisha viatu. Watu wa pale wangejiona.

Kisha tukasoma masharti. Kampuni iliyosajiliwa. Cheti cha ulipaji kodi. Taarifa za benki za miezi sita. Ushahidi wa kazi tatu za aina hiyo zilizofanyiwa taasisi. Vyote katika bahasha iliyofungwa, itumbukizwe kwenye sanduku, orofa ya tatu, kabla ya saa nne asubuhi. Hakuna mahali palipoulizwa: unachora vipi? Michoro yenyewe ilikuwa kiambatisho. Ukweli ni kwamba masharti yale yalikuwa ya kununua viti vya ofisi, mtu akafuta neno "viti" akaandika "michoro".

Hatukuwa na kampuni. Tukamtafuta mtu mwenye kampuni, kontrakta wa mitaro, mtu mzuri tu kusema kweli, akatuma maombi kwa jina lake. Akapata. Rafiki yangu akaingia kazini kama kibarua wake, shilingi elfu moja kwa siku, siku tisa. Mkataba wenyewe ulikuwa wa pesa ngapi hatukuwahi kuona.

Siku ya pili afisa akaja akasema moshi unaleta picha ya uchafuzi wa mazingira, na kuna mgeni mkubwa anafungua soko lile karibu. Wekeni simba. Rafiki yangu akauliza simba anafanya nini stejini. Hakujibiwa. Akachora simba, na twiga mmoja wa nyongeza. Siku ya mwisho alitia sahihi yake pembeni, herufi ndogo tu. Akaambiwa aifute, kwa sababu jina ukutani ni tangazo, na matangazo yana ada yake. Akafuta. Kabla ya miezi minne kuisha simba alikuwa amefunikwa na mabango ya wagombea, na kwa miezi minne hiyo sijawahi kumwona mtu akisimama kumtazama. Kwa nini asimame? Simba yule angeweza kuwa popote.

Ndiyo maana swali la rafiki yangu kuhusu Eldoret lilinichoma. Sijui masharti ya kule yalikuwaje na sitayabuni. Lakini yeye aliitazama picha ile niliyocheka mimi akaona kalenda ya mtu mwingine.

Sasa linganisha na mlezi mkubwa kabisa wa sanaa ya umma katika jiji la Nairobi, ambaye si kaunti na hajawahi kuwa. Ni mwenye matatu.

Nganya ya Rongai au ya Umoja ni ukuta unaotembea. Kuna mchoro nje, dari imechorwa, taa zimepangwa kwa mawazo, na kuna watu wanaoacha magari mawili yapite ili wapande ile wanayoipenda. Wachoraji wake wana majina yanayojulikana mtaani, na hutia sahihi bila kuulizwa ada ya tangazo, kwa sababu sahihi ya mchoraji mkali inaongeza thamani ya gari. Mwenye gari anamlipa kwa kuwa anajua abiria atapiga kura kwa nauli. Na serikali imewahi kujaribu kulimaliza jambo hili: kanuni za Michuki za 2004 zilitaka mstari wa manjano, na rangi zikafifia kwa miaka. Zilirudi. Sanaa ambayo watu wanaitaka hurudi.

Sitaki kuitukuza kupita kiasi. Mlezi wa kibinafsi naye ana simba wake: nyuso zile zile za wanamuziki wa Marekani na wachezaji wa Uingereza, na kuhesabu wanawake wachoraji katika biashara hiyo hakuchukui muda. Nganya pia haitakuchorea mama wa mahindi, kwa kuwa mama wa mahindi hajazi viti. Hapo hasa ndipo jiji linapohitajika. Pesa ya umma inafaa ilipie kile ambacho soko haliwezi kulipia: kumbukumbu ya mtaa, uso usio maarufu, jaribio ambalo huenda lisipendwe. Lakini jiji lijifunze kwa mwenye matatu mambo mawili: mchague mchoraji kwa uchoraji wake, na umwache aandike jina.

Wakosoaji watasema hayo ni ya nchi tajiri. Kidogo ni kweli. Philadelphia, kule Marekani, ilipitisha mwaka 1959 kanuni ya kutenga asilimia moja ya gharama za ujenzi wa umma kwa ajili ya sanaa, na miji mingine ikafuata. Seattle, kwa mfano, mwaka 1973. Lakini sehemu ya hadithi ya Philadelphia inayonivutia haihusu utajiri. Mwaka 1984 meya Wilson Goode alikuwa na tatizo ambalo kanjo wetu wangelielewa: vijana wanaochora kuta usiku. Mpango wa kupambana nao ukamwajiri msanii, Jane Golden, awafikie vijana wale wale, na badala ya kuishia mahakamani wengi wakapewa rangi na kuta halali. Mpango wa kuzuia michoro ukageuka programu ya michoro, ambayo leo ina maelfu ya kazi katika mji ule. Sisi kijana wa rangi ya kupuliza bado tunamkimbiza, kisha gavana akipata mgeni tunamtafuta kwa simu.

Asilimia moja ningeipenda. Hebu fikiria kila soko jipya, kila hospitali ya kaunti, kila kituo cha mabasi, kikitenga sehemu kama hiyo kwa watu wa hapo. Ila najua pia tunapoishi. Asilimia moja ya bajeti isiyoonekana ni asilimia isiyoonekana. Kontrakta wa mitaro ataipata kabla ya mchoraji kusikia kwamba ipo. Kwa hiyo naanza na vitu vya bei rahisi zaidi.

Katiba inasema, kifungu cha 201, kwamba fedha za umma zitumike kwa uwazi na uwajibikaji. Na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, ambayo maafisa hupenda kuitupia lawama, haisemi kwamba kila kitu kinunuliwe kama viti. Katika orodha ya njia za ununuzi imetaja mashindano ya usanifu. Yaani sheria tayari inajua kuna vitu ambavyo huwezi kuchagua kwa bei ya chini. Lazima uone wazo kwanza. Mlango upo, na una kitasa.

Ningependa kaunti moja tu ijaribu hivi. Itangaze kazi miezi sita kabla ya sherehe, au, afadhali, bila sherehe yoyote. Ipokee michoro kwanza, vyeti baadaye. Ichague watu watano na kuwalipa, hata kama ni kidogo, watengeneze vielelezo, kwa sababu kielelezo ni kazi. Iviweke vielelezo vile sokoni kwa wiki mbili, watu wavione na waviseme. Kule Eldoret tulicheka baada ya kila kitu kukamilika, wakati ambapo kicheko hakiwezi kurekebisha goti wala shingo. Kicheko kile kile, kingetolewa mapema mbele ya udongo mbichi, kingekuwa msaada mkubwa kwa yule mchongaji. Mama wa Eldoret angemwambia, "Kijana, hakuna anayekimbia hivyo," naye angerudi kufinyanga. Kisha kaunti iweke hadharani bei ya kazi, jina la msanii, na nani atakayeilinda mabango ya uchaguzi yakianza.

Ninachohofia ni kwamba kaunti 47 zilijifunza kinyume chake. Zilitazama wiki ile zikaona kwamba sanamu ni hatari, heri maua. Au heri kumwita mgeni wa kutoka nje, ambaye akikosea tutaiita mtindo wake. Zikifika hapo, mtu atakayelipia kicheko chetu hatakuwa afisa yeyote. Atakuwa kijana fulani wa Langas au Huruma mwenye daftari limejaa wakimbiaji wanaokimbia kweli, ambaye sasa hatawahi kuulizwa.

Mwezi uliopita nilimtembelea rafiki yangu gereji. Anachora nganya. Mwenye gari alitaka mchezaji mpira ubavuni na mchezaji yupo, amefanana hasa. Lakini nyuma, chini ya kioo, mahali ambapo mwenye gari alisema "hapo jaza chochote", kuna jiko dogo la makaa, na moshi unaopanda kuzunguka taa zote za breki. Ukikaa nyuma yake kwenye msongamano wa Lang'ata Road utauona. Pembeni ameandika jina lake, herufi kubwa.